Mistari Miwili ya Mkonge

Barua ya benki ilikuwa na kurasa kumi na saba, na uchungu wake wote ulikuwa umefichwa ukurasa wa tisa. Kurasa nane za mwanzo zilikuwa tamu: kiwanda cha juisi ya machungwa kitajengwa Kabuku, kando ya barabara kuu, mwekezaji kutoka Brazili ataleta mitambo, benki moja ya Ulaya itamkopesha dola milioni kumi na mbili, wakulima wa ushirika watauza machungwa yao mlangoni mwa kiwanda kwa bei iliyoandikwa. Lukasi Hiza, katibu wa ushirika, alizisoma kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa, na kila alipofunua ukurasa watu waliojaa ghalani walipiga makofi. Alipofika wa tisa alikohoa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Endelea, katibu," alisema Mwaija Mhina, mwenyekiti. "Miwani haina kosa."

Lukasi akaendelea. Kwa kuwa hatari ya migogoro ya ardhi ni kubwa, kila mwanachama ataweka hati yake ya kimila kuwa dhamana ya mkopo. Mkopo usipolipwa, benki itakuwa na haki juu ya mashamba hayo.

Makofi yalikatika. Mtu mmoja nyuma alicheka kicheko cha pua.

Mwaija alikuwa na miaka hamsini na minane, michungwa mia mbili na kumi, na ulimi ambao marehemu mumewe Adamu alizoea kusema ungetosha kuchongea mpini wa jembe. Michungwa hiyo ilikuwa imesomesha watoto wanne na kumzika mume mmoja kwa heshima. Lakini kila msimu ilikuwa ni vita. Madalali walikuja wakati mti ungali na maua, wakaukodolea macho, wakataja bei ya mti mzima kana kwamba wananunua kuni, na mkulima mwenye ada ya shule shingoni akakubali. Asiyekubali alivuna mwenyewe, akapanga machungwa yake kando ya barabara, akayaangalia yakinyauka huku magari yakipita mbio kwenda Segera. Kwa hiyo kiwanda Mwaija alikitaka. Alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu ujana wake, na ndiyo maana ukurasa wa tisa ulimchoma.

"Tusaini," alisema Mzee Sabiri, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote na subira ndogo kuliko wote. "Machungwa yangu ya mwaka jana yameliwa na nguruwe. Hati iliyo kabatini inanisaidia nini?"

"Inakusaidia kuwa na pa kuliweka hilo kabati," Mwaija alimjibu. "Mgeni akikosea hesabu zake huko Brazili, wewe ndiye utakayehama?"

"Na akienda Msumbiji? Lukasi, si umesema ana eneo jingine Msumbiji?"

Lukasi alikiri. Kamati ya mikopo ya benki ingekaa baada ya siku kumi na mbili. Bila dhamana hakuna mkopo, na bila mkopo Bwana Otavio, yule mwekezaji, angefunga virago. Zogo lilizuka, huku mia mbili wakitaka kusaini na mia mbili wakitaka kumpiga aliyetaka kusaini. Mwaija aligonga meza kwa jiwe la mizani mpaka likabanduka rangi.

"Nipeni siku kumi," alisema. "Nikishindwa, nitasaini wa kwanza, kisha mnitukane mpaka mchoke. Nikifaulu mtanyamaza, jambo ambalo hamjawahi kulifanya."

Walicheka, wakampa. Alipotoka ghalani hakuwa na hata chembe ya mpango.

*

Kesho yake Lukasi alimchukua kwa pikapu yake mpaka Korogwe. Wageni walikuwa wamepanga vyumba katika nyumba moja ya wageni pale Old Korogwe, karibu na mto, na barazani walikuwa wamegeuza meza ya chakula kuwa ofisi. Bwana Otavio alikuwa mtu mfupi mwenye mikono ya mkulima. Aliinuka akasema "Shikamoo, mama mwenyekiti" kwa Kiswahili cha miezi mitatu, na Mwaija, aliyekuja na hasira yake ikiwa imefungwa vizuri, alijikuta ameitikia marahaba. Pembeni yake alikaa msichana wa miaka thelathini hivi aliyevaa mtandio wa kijani.

"Shikamoo, mama. Naitwa Shadya. Mimi ndiye mpima hatari wa benki."

"Marahaba. Kwenu wapi, mwanangu?"

"Kerenge."

"Kerenge hii hii ya Korogwe? Halafu wewe ndiye uliyeandika ukurasa wa tisa?"

"Ndimi," alisema Shadya, bila kuangalia chini.

Hilo Mwaija alilipenda, ingawa hakuonyesha. Shadya aligeuza kompyuta, akamwonyesha jedwali lenye rangi. "Kila mradi una hatari, mama. Kazi yangu ni kuziandika moja moja, kisha kuuliza nani anaweza kubeba ipi. Hii ni ya fedha. Bwana Otavio anakopa dola, je, shilingi ikianguka? Haitamuumiza, kwa sababu juisi atauza nje kwa dola na deni atalipa kwa dola hizo hizo. Kijani. Hii ni ya serikali kubadili sheria katikati ya safari: ina bima, analipia yeye. Kijani. Ukame ni njano, kwa hiyo atatenga akiba ya kulipa marejesho ya miezi sita. Na hii..."

Kidole chake kilisimama kwenye mstari mwekundu.

"Ardhi," alisema Mwaija.

"Ardhi. Mashamba mia nne na kumi na mawili. Hati zenu zimechorwa kwa kukadiria, na hakuna jiwe hata moja la mpaka. Majirani wawili wakigombana, machungwa hayachumwi. Mia wakigombana, kiwanda kinasimama na mkopo haulipwi. Hatari ni hatari, mama. Lazima mtu aibebe."

"Na mkamwona nani? Zamani tulisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi mmegundua Mzigua ana mgongo mpana?"

Lukasi, ambaye ni Msambaa na hapitwi na utani wa Wazigua, aliangua kicheko. Hata Shadya alitabasamu. Otavio aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa, akatikisa kichwa.

"Mama," alisema polepole, akitafuta maneno, "kule kwetu ugonjwa umekula michungwa. Miti ya babu yangu, elfu tisa, kuni. Mimi nimeweka nyumba ya mama yangu dhamana. Sitaki kuchukua shamba la mtu. Lakini benki ikisema hapana, mimi sina kitu."

Mwaija alimtazama. Alikuwa amejiandaa kumkuta bepari, na mbele yake amekaa mwana wa mtu aliyeweka rehani nyumba ya mama yake. Hasira yake ikakosa pa kukaa.

Shadya alifungua picha. "Tulirusha droni wiki iliyopita. Tazama mwenyewe. Mtaalamu wetu wa kilimo ameandika kwamba wakulima wanapoteza ardhi bure kwa kupanda mkonge usiovunwa, mistari miwili miwili, kila pembe ya shamba."

Picha ilionyesha Kabuku yote kutoka juu: michungwa ya mviringo iliyojipanga, na katikati yake mistari ya mkonge, miwili miwili, ikienda na kukatana mpaka ukingoni mwa picha. Mwaija aliinamia kompyuta. Kisha alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Lukasi akadhani amepatwa na kitu.

"Mnapoteza bure!" alisema akifuta machozi kwa khanga. "Huyo mtaalamu wenu kasoma wapi? Binti yangu, hiyo ndiyo mipaka. Hayo ndiyo mawe yenu."

Akamweleza. Majirani wawili wakikubaliana mpaka, kila mmoja hupanda mstari wake wa mkonge upande wake, hatua moja kutoka kwa mwenzake, siku moja, mbele ya watu. Kisha hula chakula cha sinia moja pale pale shambani. Njia inayobaki katikati si ya yeyote. Mpita njia apite, mbuzi apite. Na anayeona amedhulumiwa haendi kwanza kwenye baraza. Hung'oa mstari wake. Kila apitaye akiona mstari mmoja anajua hapa kuna neno.

"Mistari miwili maana yake wote wawili wamekubali," alisema Shadya taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Mstari mmoja, mgogoro. Na unaonekana kutoka angani."

"Sisi tulikuwa tunauona kutoka chini. Inatosha."

"Kwetu Kerenge sijaona hili." Shadya alikuwa tayari ameanza kuvuta picha, akiipekua kona kwa kona. "Mama, ukinithibitishia hili kwa ushahidi, naweza kuibadilisha hii nyekundu. Si kwa hadithi, kwa ushahidi. Tuhesabu. Mfano hapa, karibu na bwawa. Huu ni mmoja. Shamba la nani hili?"

Kicheko cha Mwaija kilikufa. Alilijua bwawa. Aliijua mikonge hiyo, mstari wake mmoja uliosimama peke yake kwa miaka kumi na moja.

"Hilo nitaliulizia," alisema.

Lukasi alitazama mto. 

*

Kwa siku nne ushirika mzima ulifanya kazi moja. Vijana walichukua picha zilizochapwa, wakapita mpaka kwa mpaka, wakiweka alama ya wino. Lukasi alikwenda kwenye baraza la kata, akaomba kitabu cha mashauri cha miaka ishirini na mitatu, akakisoma na kulinganisha kila kesi na mpaka wake. Jibu lilipotoka alipiga simu Korogwe mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya kijana: mipaka mia sita na thelathini na minane, yenye mstari mmoja, tisa tu. Mashauri ya mipaka thelathini na moja katika miaka yote hiyo, na kila moja lilitokea mahali ambapo mstari ulikuwa umeng'olewa kwanza. Penye mistari miwili iliyosimama, hapakuwa na shauri hata moja.

Upande wa pili wa simu Shadya aliziandika namba hizo. "Hii ni takwimu nzuri kuliko ninazopata kwenye miji yenye mawe," alisema. "Lakini tisa ni tisa, mzee wangu. Kamati haitaangalia mia sita, itaangalia tisa. Alhamisi nitakuja na mwanasheria wa benki. Mkiwa mmeimaliza hiyo tisa, nitasimama mbele ya kamati na kusema dhamana ya mashamba haihitajiki."

Mwaija aliwaita wenye mipaka hiyo ghalani. Walikuja wote isipokuwa mmoja. Alizungumza vizuri siku ile, hata yeye mwenyewe alijisikia akizungumza vizuri: kwamba hatua mbili za ardhi si kitu mbele ya kiwanda, kwamba watoto watawacheka, kwamba mikonge ipo na majembe yapo. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Mzee Sabiri, ambaye mpaka wake mmoja ulikuwa na mstari mmoja, aliinuka, akapangusa kanzu.

"Maneno yako mazuri, mwenyekiti. Sisi hapa tuna mipaka minane. Wa tisa ni wa nani?"

Mwaija aliinamia picha zilizokuwa mezani.

"Nyani haoni kundule," alisema Sabiri, na akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila ubaya, kama watu wanaotoka msibani.

Mwaija alibaki na Lukasi. Katibu alikusanya picha zake polepole.

"Dada," alisema, "mimi sikuwepo mwaka ule. Lakini kila mtu anajua."

"Wanajua nini?"

"Kwamba Jabiri si mwongo."

Alitaka kumfokea, na maneno yalikuwepo, ya kutosha. Badala yake alichukua funguo, akaenda kufunga madirisha ya ghala.

Hiki ndicho kilichokuwa. Miaka kumi na moja nyuma, Jabiri, jirani yake wa upande wa bwawa, alilazwa hospitali Tanga miezi mitatu. Adamu alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, lakini michungwa mitatu ya Jabiri iliyokuwa ukingoni, mitamu kuliko yote pande zile, ilimkaa moyoni. Mchana mmoja aling'oa mistari yote miwili, wake na wa Jabiri, akaipanda upya hatua nne mbele, akaizingira ile mitatu. Mwaija alikuwa pale. Ndiye aliyemshikia miche. Jabiri alirudi, akaona, akang'oa wake, akalalamika kwenye baraza, na baraza likamwita Mwaija aape. Aliapa kwamba hakuona mpaka ukihamishwa. Mistari miwili ilikuwa imesimama, baraza likasema, na mistari haisemi uongo. Tangu hapo Jabiri hakuupanda wake tena. Adamu akafa mwaka wa tatu baadaye, na Mwaija akaifanya ile siri kuwa sehemu ya maziko.

*

Jumatano asubuhi alipiga hodi kwa Jabiri. Alimkuta amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Walikuwa wamepishana kwenye arusi na vilio kwa miaka kumi na moja bila kupeana mkono.

"Karibu," alisema Jabiri bila kuinuka. "Kama umekuja kuazima jembe, limevunjika mpini."

"Nimekuja kwa ajili ya mpaka."

"Benki imekutuma?"

"Benki."

"Angalau leo husemi uongo." Aliendelea kupukuchua. "Sema basi."

"Michungwa mitatu ni yako. Hatua nne ni zako. Kesho tupande mistari miwili, yaishe."

Jabiri aliweka gunzi chini. Mwaija aliona jinsi alivyozeeka, naye ndipo alipoona kwamba hakuwa amemwangalia usoni muda wote huo.

"Michungwa ninayo mia na themanini. Unadhani nimekataa kupanda mkonge kwa ajili ya machungwa? Nilisimama mbele ya watu nikasema kweli, nikaitwa mwongo. Mwanangu alipokwenda kuposa, wazee wa kule wakauliza: huyu si mtoto wa yule mgombea mipaka? Akarudishwa. Ulikuwa ukiyajua hayo?"

"Nilikuwa nayajua."

"Basi sitaki mti. Uliapa mbele ya watu. Ukaseme mbele ya watu wale wale. Ukimaliza, nitapanda mkonge mpaka mgongo ukatike."

"Adamu amekufa, Jabiri. Nimvue nguo marehemu?"

"Mimi nilivuliwa ningali hai."

 Alikwenda nyumbani, akakaa ukingoni mwa shamba lake mbele ya mstari wake mmoja wa mkonge, akaogopa. Kuogopa kwake hakukuwa kwa ajili ya kiwanda tena. Aliogopa macho ya watu waliomchagua mara tatu mfululizo kwa sababu walisema mama huyu hapindishi. Angekaa kimya, angesaini dhamana kesho, na hakuna ambaye angemlaumu sana. Wangesema benki ni benki. Lakini basi mashamba mia nne na kumi na mawili yangekuwa yamewekwa rehani ili kulinda uongo wake mmoja. Alipolipima hivyo, akalia, na alipomaliza kulia akainuka kwenda kuchimbua miche ya mkonge.

*

Alhamisi magari mawili yaliingia Kabuku. Shadya alishuka na Otavio, na nyuma yao mwanasheria wa benki, kijana mwenye viatu vilivyong'aa ambavyo vumbi liliviheshimu kwa dakika mbili tu. Watu walikuwa wamejaa kando ya bwawa, wengi kuliko siku ya uchaguzi, maana Lukasi alikuwa amepitisha neno kwamba mwenyekiti ana la kusema. Wazee wawili waliokaa kwenye baraza lile la miaka kumi na moja nyuma walikuwepo. Jabiri alisimama upande wake, mikono nyuma.

Mwaija alikuwa ameandaa maneno ya mzunguko. Alipowaona wote, yakamtoka.

"Mimi Mwaija binti Mhina," alisema, "niliapa uongo."

Akaunyooshea mkono mstari wake wa mkonge.

"Adamu alihamisha mpaka huu hatua nne. Nilimwona. Nilimshikia miche. Jabiri alisema kweli, nasi tukamwita mwongo, na mtoto wake akakataliwa mke kwa ajili yetu. Michungwa mitatu ile ni yake, na machungwa yake ya miaka kumi na moja tumeyala sisi. Nimekula na watoto wangu. Jabiri, ninakuomba radhi mbele ya hawa hawa. Na ninyi, kama hamtaki mwenyekiti wa namna hii, mnajua ghala liko wapi."

Alitembea hatua nne kurudi nyuma, akizihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Ya nne alipoikanyaga alichoma jembe ardhini, akaanza kuchimba. Alikuwa amepanda miche miwili aliposikia jembe jingine likilia hatua moja kutoka kwake. Hakuinua kichwa. Aliiona tu miguu ya Jabiri, yenye nyufa, ikisogea sambamba na yake, mche kwa mche.

Walipofika katikati ya mstari, Jabiri alisema kwa sauti ya chini, "Unapanda mbali mno. Mbuzi watapita wawili wawili."

"Pima wako," alimjibu. "Wa kwangu umenyooka."

Aliyecheka kwanza hajulikani. Kicheko kilisambaa, na ndani yake watu walikuwa wakilia. Mzee Sabiri alikuwa ameinama akifuta pua kwa upindo wa kanzu. Kisha alipaza sauti kumwita jirani yake kwa jina, mtu ambaye walikuwa wakinyimana moto tangu mvua za El Niño, akamwambia aende akalete jembe, na upesi, kabla hajabadili mawazo.

Mchana ule mipaka yote tisa ilipandwa. Mwanasheria aliandamana na watu kutoka shamba hadi shamba, viatu vyake vikiwa havina rangi tena, akipiga picha kila mstari. Kwenye mpaka wa mwisho alimuuliza Shadya kama mkonge utakubalika mahakamani.

"Miaka ishirini na mitatu haujawahi kufika mahakamani," alisema Shadya. "Wewe una mawe gani yenye sifa hiyo?"

Yule kijana alifikiri, kisha akaandika kitu. Wakati huo masinia yalikuwa yameshatandazwa, naye akaitwa kula.

*

Simu ilikuja Jumanne iliyofuata. Lukasi aliipokea ghalani, akaweka sauti nje ili watu wote wasikie. Kamati imekubali. Dhamana ya mashamba imefutwa. Benki itashika mitambo ya kiwanda na mikataba ya kuuza juisi, na ushirika utatoa mkataba wa kuleta machungwa, basi. Na kwa kuwa hatari imeshuka, Shadya aliongeza, riba ya mkopo nayo imeshuka nusu asilimia.

Ghala lililipuka. Watu walirukaruka, wanawake wakapiga vigelegele, Sabiri akambusu Lukasi kwenye upara. Mwaija peke yake alikuwa ameinua mkono.

"Subirini. Mwanangu, Bwana Otavio yupo hapo?"

"Nipo, mama."

"Hatari imeshuka, riba imeshuka. Sawa?"

"Sawa."

"Nani ameishusha?"

 Kwenye simu kilisikika kicheko cha Otavio, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wake mwenyewe. Walivutana nusu saa. Mwisho wake nusu ya ile nafuu iliandikwa kwenye bei ya machungwa, shilingi kumi na tano zaidi kwa kila kilo, kwa miaka yote ya mkopo. Hilo halikuwemo kwenye ukurasa wowote kati ya zile kumi na saba. Siku ile watu walimbeba Mwaija begani kutoka ghalani mpaka barabarani, mwanamke wa miaka hamsini na minane, akiwatukana njia nzima wamshushe, na madereva wa malori wakimpigia honi.

Kabla jiwe la msingi halijawekwa, palibaki jambo moja. Ekari arobaini za kiwanda zilikuwa za kijiji, zimekodishwa kwa mgeni, na mpaka wake haukuwa na mkonge. Mwaija alisema hakuna tofali litakalolazwa mpaka upandwe. Otavio alikuja na fulana na jembe lake mwenyewe, akaonyeshwa pa kuanzia. Alipanda upande wake. Upande wa kijiji alipanda Mwaija, na pale katikati kama shahidi wakamsimamisha Jabiri, kwa sababu hapakuwa na mtu Kabuku yote ambaye neno lake juu ya mpaka lilikuwa na uzito kama lake. Mwanawe alikuwa nyuma yake pamoja na mchumba wake, binti wa wale wale waliomrudisha zamani, ambao sasa walikuwa wameleta ujumbe wenyewe.

Otavio alikuwa akienda mbio, mstari wake ukaanza kuvamia.

"Mpimeni vizuri huyo," alisema Jabiri kwa sauti ya kufika barabarani. "Mwenyekiti wetu anajua jinsi hatua nne zinavyoweza kupotea."

Watu wakamtazama Mwaija. Aliegemea mpini wa jembe lake, akacheka wa kwanza, akacheka mpaka jembe likaanguka. Kisha akaenda kumshika mgeni bega, akamrudisha hatua moja nyuma, pale panapostahili, wakaendelea kupanda. Walipomaliza wakanawa mikono, wakakaa chini kwenye njia ile isiyo ya mtu, Mzigua, Msambaa na Mbrazili, wakala wali wa sinia moja, na baada yake machungwa ya ile miti mitatu, ambayo Jabiri alikuwa amekuja nayo kikapu kizima.